Sahani Namba Moja: Chakula cha Kimeksiko, Mpishi Wake na Mikahawa ya Marekani

Utangulizi

Ukiingia katika mkahawa wa Kimeksiko wa kampuni yenye matawi mengi nchini Marekani, utaratibu ni uleule kutoka jimbo moja hadi jingine. Mhudumu wa mlangoni anakuuliza mko wangapi, kisha anawapeleka mezani. Kabla hamjaagiza chochote, linaletwa kapu la vipande vya tortila vilivyokaangwa pamoja na bakuli la salsa ya nyanya na pilipili, bila malipo. Menyu ni kubwa, ina picha za rangi, na baadhi ya sahani zimepewa namba ili mteja asiyejua Kihispania asihangaike na majina. Anasema tu, "Niletee namba moja," naye analetewa enchilada zilizofunikwa kwa jibini ya manjano iliyoyeyuka, wali mwekundu na maharagwe yaliyopondwa. Nilisoma muhula mmoja mjini San Antonio, katika jimbo la Texas, chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wenzangu walipenda kula katika mikahawa ya namna hii Ijumaa jioni, nami nilikuwa nikifuatana nao. Kwa kuwa nasoma historia, nilianza kujiuliza: mambo haya yalianza lini, na yalianzishwa na nani?

Katika insha hii nadai kwamba historia ya mkahawa huu ni historia ya chakula kilichokaribishwa mezani mapema kuliko watu waliokipika. Kwa muda mrefu Wamarekani wengi walikipenda chakula cha Kimeksiko huku wakimkataa Mmeksiko kama jirani, kama mwanafunzi mwenza wa watoto wao, au kama mteja wa meza ya pili. Kampuni zenye matawi mengi hazikuianzisha hali hiyo. Hata hivyo zilikua ndani yake, na kwa kiasi fulani zilifaidika nayo.

Kabla ya kuendelea, nieleze maneno machache. Tortila ni mkate mwembamba wa duara, unaofanana na chapati, unaotengenezwa kwa mahindi au ngano. Ikikunjwa na kutiwa nyama au maharagwe huitwa taco, neno ambalo nitaliandika kwa herufi ya c kwa sababu ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Ikiviringwa na kumwagiwa mchuzi wa pilipili huitwa enchilada. Tamale ni donge la unga wa mahindi lililofungwa katika ganda la mhindi na kupikwa kwa mvuke.

Mahindi na chokaa

Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko miaka 9,000 hivi iliyopita, kutokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte. Wakulima wa huko waligundua jambo ambalo wengi wetu hatulijui hata leo: mahindi yakichemshwa na chokaa au majivu, kisha yakalazwa usiku kucha na kuoshwa, ganda lake hutoka, unga wake hushikamana vizuri, na vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje hupatikana mwilini. Mahindi yaliyotengenezwa hivyo huitwa nixtamal, na hayo ndiyo yanayosagwa ili kupata tortila. Mahindi yaliposafirishwa kwenda mabara mengine, mbegu zilikwenda bila ujuzi huo. Ndiyo maana ugonjwa wa pelagra, unaotokana na upungufu wa niasini, uliwasumbua maskini wa kaskazini mwa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua watu wengi kusini mwa Marekani, maana walikula mahindi mchana na usiku bila kuyatia chokaa.

Jambo hili linatuhusu. Posho na maharagwe, chakula ambacho karibu kila mwanafunzi wa bweni nchini Uganda amekila hadi kukichoka, kinatokana na mimea miwili ya mabara ya Amerika iliyofika kwetu baada ya Wareno kuanza safari zao katika Bahari ya Hindi. Sisi pia tulipokea mbegu bila mpishi. Hata hivyo sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama posho ni chakula "halisi" cha Kiganda au cha Kisoga. Nitalirudia swali la uhalisi baadaye.

Wahispania, wakiongozwa na Hernán Cortés, walifika Meksiko mwaka 1519, na mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, ukaanguka mwaka 1521. Wavamizi hao walileta ngano, mchele, ng'ombe, nguruwe na jibini. Basi tukitazama tena ile sahani namba moja, tunaona kwamba mahindi, maharagwe, nyanya na pilipili vilikuwapo kabla ya Cortés, lakini wali na jibini vilikuja kwa merikebu. Huko kaskazini, hasa Sonora, ngano ilistawi vizuri, na tortila za ngano zikawa chakula cha kawaida. Chakula hiki kilikuwa cha mchanganyiko karne kadhaa kabla ya kampuni yoyote ya Marekani kukigusa.

Mpaka uliohama

Texas ilijitenga na Meksiko mwaka 1836, na mwaka 1845 ikaingizwa Marekani. Vita kati ya nchi hizo mbili vilianza mwaka 1846. Vilimalizwa na Mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1848. Kwa mkataba huo Marekani ililipa dola milioni 15, na Meksiko ikapoteza maeneo ambayo leo ni California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico. Ukijumlisha na Texas, karibu nusu ya nchi ilikuwa imekwenda. Makumi ya maelfu ya Wameksiko waliokuwa wakiishi huko waliamka wakiwa ndani ya nchi nyingine. Wajukuu wao wana usemi kwamba wao hawakuvuka mpaka, bali mpaka ndio uliowavuka.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya upishi husimulia kana kwamba chakula cha Kimeksiko "kilifika" Marekani pamoja na wahamiaji. Hilo ni kweli kwa Chicago au New York. Si kweli kwa San Antonio, mji ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1718. Huko chakula hiki ni cha wenyeji, na aliyefika baadaye ni mteja.

Malkia wa pilipili

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, viwanja vya San Antonio vilijulikana kwa wanawake wa Kimeksiko waliouza chakula usiku. Walikuja jioni na meza, mabenchi, taa za mafuta na vyungu vilivyopikwa nyumbani. Waliuza tamale, enchilada na nyama iliyopikwa kwa pilipili nyingi, ambayo Wamarekani waliiita chili. Wateja wao walikuwa wachunga ng'ombe, askari, wafanyabiashara na, reli ilipofika mwaka 1877, watalii pia. Magazeti yaliwapa wanawake hao jina la "malkia wa pilipili." Yaliandika sana juu ya macho yao na ua waliloweka nywelani, lakini majina yao yaliandikwa kwa nadra.

Sifa zao zilifika mbali. Kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago mwaka 1893, kulikuwa na kibanda kilichouza chili ya San Antonio. Katika muongo huohuo William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani aliyeishi New Braunfels karibu na San Antonio, alianza kuuza unga wa pilipili uliochanganywa tayari na viungo. Sasa mtu wa Ohio aliweza kupika chili bila kumjua Mmeksiko hata mmoja. Naiona hii kuwa hatua ya kwanza ya kumtenganisha mpishi na sahani yake: ujuzi wa mkono ulitiwa ndani ya chupa, na chupa ikasafiri.

Wakati huo wanawake wenyewe walikuwa wakisukumwa. Walianzia Military Plaza. Jumba la manispaa lilipojengwa katikati ya uwanja huo karibu na mwaka 1890, walihamia viwanja vingine. Katika miaka ya 1930 maafisa wa afya wa mji waliwabana kwa kanuni za usafi ambazo mwenye meza na taa angeweza kuzitimiza kwa shida sana. Kufikia miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikuwa wametoweka. Siwezi kusema kwamba usafi haukuwa na maana, kwa sababu magonjwa ya matumbo yaliua watu wengi zama hizo. Ninachosema ni kwamba kanuni zilimwondoa muuzaji zikamwacha mteja na hamu yake, na hamu hiyo ikatafuta mahali pengine pa kwenda.

Sahani yenye namba

Mahali pengine palikuwa pamekwisha kufunguliwa. Mwaka 1900 Otis Farnsworth, mtu aliyetoka Chicago, alifungua San Antonio mkahawa ulioitwa Original Mexican Restaurant. Ulikuwa na vitambaa vya meza na wahudumu waliovaa nadhifu, na wateja waliokusudiwa walikuwa Wamarekani weupe ambao hawakupenda kukaa benchini uwanjani. Mkahawa huo mara nyingi hutajwa katika asili ya sahani ya mchanganyiko, yaani vyakula kadhaa pamoja na wali na maharagwe katika sahani moja kwa bei moja. Neno la kwanza la jina lake linamaanisha "asilia." Mtu wa Chicago ndiye aliyepata kulitumia neno hilo, na wenye asili walikuwa bado wanauza chini ya taa za mafuta umbali mfupi kutoka hapo.

Haki inanitaka niseme pia kwamba Wameksiko wengi walifungua mikahawa yao na kufanikiwa. Miguel Martinez, mhamiaji aliyewahi kuosha vyombo hotelini, alianzisha El Fenix mjini Dallas mwaka 1918, nayo ikawa kampuni ya familia yenye matawi kadhaa hadi ilipouzwa mwaka 2008. Los Angeles, Alejandro na Rosa Borquez walifungua mwaka 1923 mkahawa uliokuja kuitwa El Cholo, ambao upo hadi leo. Wamiliki hawa nao walitumia sahani za mchanganyiko na walipunguza pilipili kwa ajili ya wateja weupe. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba wageni waliharibu na wenyeji wakalinda. Wote walikuwa wanafanya biashara. Tofauti ilikuwa katika mtaji, katika mtaa ambao mtu aliruhusiwa kupanga chumba, na katika nani benki ilimwamini.

Upande wa pili wa barabara

Mfano ulio wazi zaidi uko San Bernardino, California. Mwaka 1937 Lucia Rodriguez na mumewe walifungua Mitla Cafe katika mtaa wa Wameksiko, kando ya barabara maarufu iitwayo Route 66. Taco zao zilikuwa za tortila iliyokaangwa ikawa ngumu, ndani yake nyama, majani ya saladi, nyanya na jibini. Mitla haikuwa mahali pa kula tu. Viongozi wa jamii walikutana hapo, na ni jamii hiyo iliyofungua kesi ya Lopez dhidi ya Seccombe, ambayo mwaka 1944 ilimaliza ubaguzi katika bwawa la kuogelea la umma mjini humo. Kabla ya hapo watoto wa Kimeksiko hawakuruhusiwa kuogelea na wenzao weupe isipokuwa kwa siku waliyotengewa.

Upande wa pili wa barabara, Glen Bell alikuwa na kibanda cha kuuza hambaga. Aliona foleni ya watu waliotaka taco, akawa anakula Mitla na kuchunguza jinsi zinavyotengenezwa, hadi wenye mkahawa wakamkaribisha jikoni. Katika miaka ya 1950 alianza kuuza taco zake mwenyewe, na mwaka 1962 akafungua Taco Bell ya kwanza katika mji wa Downey. Mwaka 1964 aliuza leseni ya kwanza ya kutumia jina hilo, na mwaka 1978 kampuni ya PepsiCo ikainunua biashara yote. Wakati huo tayari ilikuwa na mamia ya matawi. Mitla Cafe bado ipo, katika jengo lake moja.

Kuna masimulizi yanayompa Bell sifa ya kuvumbua taco ngumu. Hati zinakataa. Juvencio Maldonado, mwenye mkahawa wa Kimeksiko mjini New York, alipewa mwaka 1950 hataza ya kifaa cha kukaangia taco nyingi kwa mara moja, kabla Bell hajauza taco hata moja. Uvumbuzi wa Bell ulikuwa wa aina nyingine: kuipanga kazi ya jikoni kwa mtindo wa hambaga, tortila zikikaangwa mapema, ili kijana yeyote asiyejua kupika aweze kuifanya baada ya mafunzo mafupi. Huo ni uvumbuzi wa kweli na sitaki kuubeza. Lakini maana yake ni kwamba mpishi hakuhitajika tena.

Mwaka 1954

Taco Bell ni mkahawa wa haraka. Ule wa kukaa mezani, wenye mhudumu na kapu la bure, una historia yake, na mwaka wa kuutazama kwa makini ni 1954. Mwaka huo Larry Cano, Mmarekani mwenye asili ya Kimeksiko, aliugeuza mkahawa mmoja wa mtindo wa visiwa vya Pasifiki huko Encino, California, akauita El Torito. Ulikua ukawa miongoni mwa kampuni za kwanza kubwa za mikahawa ya Kimeksiko ya mezani, na mwaka 1976 ukanunuliwa na W. R. Grace, kampuni ya kemikali.

Mwaka huohuo wa 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Hernandez dhidi ya Texas. Mawakili wa Kimeksiko walidai kwamba katika wilaya ya Jackson, Texas, hakuna mtu wa asili yao aliyewahi kuteuliwa mzee wa baraza la mahakama kwa miaka 25. Katika ushahidi uliotajwa na mahakama mna mambo mawili ninayotaka msomaji ayakumbuke. La kwanza, jengo la mahakama lenyewe lilikuwa na vyoo viwili vya wanaume, kimoja kikiwa na maandishi ya kuwaelekeza watu weusi na, kwa Kihispania, Wameksiko. La pili, angalau mkahawa mmoja mjini humo ulitundika kibao kinachosema kwamba Wameksiko hawahudumiwi. Majaji wote kwa kauli moja waliwapa ushindi walalamikaji. Tena katika mwaka huohuo serikali ya Marekani iliendesha operesheni kubwa ya kuwafukuza Wameksiko, wakati mpango wa kuwaleta wengine kwa mkataba ili walime mashamba, ulioanza mwaka 1942, ulikuwa bado unaendelea hadi 1964.

Niliposoma hukumu ile nilielewa kwamba kibao cha kuwakataa Wameksiko na menyu ya enchilada si mambo ya zama mbili tofauti. Yalikuwapo katika nchi moja na katika mwaka mmoja.

Ijumaa jioni

Vitu vingi ambavyo mteja wa leo huvitegemea vilitokea ndani ya miaka michache ya 1970. Mwaka 1971 Mariano Martinez wa Dallas aligeuza mashine ya aiskrimu iwe ya kugandisha margarita, yaani kileo cha tequila na ndimu. Mashine hiyo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington. Mwaka 1973 Ninfa Laurenzo, mjane wa Houston aliyekuwa akihangaika kuokoa kiwanda chake cha tortila, aliweka meza 10 ndani ya jengo hilo akaanza kuuza taco za nyama ya kuchoma. Nyama yenyewe ilikuwa kipande kigumu cha chini ya mbavu, ambacho huko bonde la Rio Grande wachunga ng'ombe wa Kimeksiko walipewa kama sehemu ya ujira wao kwa kuwa matajiri hawakukitaka. Kipande hicho ndicho kinachoitwa fajita. Leo huletwa kikichemka juu ya sahani ya chuma, moshi ukipita katikati ya meza, na ni miongoni mwa vyakula vya bei ya juu kwenye menyu.

Mwaka 1975 kampuni ya Chi-Chi's ilianzishwa huko Minnesota, jimbo linalopakana na Kanada, na Marno McDermott pamoja na Max McGee, mchezaji mstaafu wa mpira wa Kimarekani. Ilifika hadi zaidi ya matawi 200. Kwa familia nyingi za kaskazini hapo ndipo palipokuwa mahali pa kwanza kuonja tortila. Bila shaka watu walifurahi huko, na furaha hiyo sipendi kuidharau. Mkahawa wa namna hii ulimpa mtu wa kipato cha kati nafasi ya kutoka na watoto, kukaa kwa saa mbili, kula kapu la pili bila kuongezewa bei, na kuimbiwa siku ya kuzaliwa huku amevishwa kofia pana. Kofia hiyo ni vazi la mkulima na mpanda farasi wa Meksiko. Pale mkahawani mara nyingi mwenye kuivaa hajawahi kukutana na mkulima huyo.

Nani hubeba gharama

Mnamo Oktoba na Novemba 2003 wateja waliokula katika tawi moja la Chi-Chi's karibu na Pittsburgh, Pennsylvania, walianza kuugua homa ya ini ya aina A. Zaidi ya watu 600 waliambukizwa, na wasiopungua 3 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa ulitokana na vitunguu vya majani vilivyoagizwa kutoka Meksiko na kuliwa bila kupikwa katika salsa. Kampuni ilikuwa imekwisha kuomba ulinzi wa kisheria dhidi ya wadai wake kabla ya mkasa huo, na mwaka 2004 matawi yake ya Marekani yalifungwa. Tukio hilo lilionyesha urefu wa njia kati ya shamba na kapu la bure. Mchuma vitunguu, mfungashaji, mwenye ghala na mhudumu hawajuani. Zamani, mteja wa San Antonio aliyeumwa tumbo alijua ni chungu cha nani.

Wachumaji nao walianza kudai sauti. Mwaka 2001 wachuma nyanya wa Immokalee, Florida, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Meksiko, Guatemala na Haiti, walitangaza kuisusia Taco Bell. Walidai kampuni iongeze senti 1 kwa kila ratili ya nyanya, na senti hiyo ifike mikononi mwao. Wanafunzi wa vyuo vingi waliwaunga mkono, na mwaka 2005 kampuni ilikubali. Upande wa mezani, sheria ya taifa inaruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bahashishi dola 2.13 tu kwa saa, ilimradi bahashishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida. Kiasi hicho hakijabadilika tangu 1991, na Texas ni miongoni mwa majimbo yanayokitumia. Katika mikahawa niliyokwenda, mara nyingi menyu ilikuwa kwa Kiingereza na sauti zilizotoka jikoni zilikuwa za Kihispania.

Swali la uhalisi

Mwaka 1972 Diana Kennedy, mwandishi wa Kiingereza aliyeishi Meksiko, alichapisha kitabu cha upishi kilichowahimiza wasomaji wa Marekani kutofautisha vyakula vya Meksiko yenyewe na vile vya mikahawa ya mpakani. Tangu hapo jina Tex-Mex limetumiwa mara nyingi kama kejeli. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, ikiutaja hasa ule wa Michoacán. Nayo Taco Bell ilijaribu kufungua matawi nchini Meksiko mwaka 1992 na tena mwaka 2007, na mara zote mbili ilishindwa.

Wengine huutumia ushahidi huu kusema kwamba chakula cha mikahawa hiyo ni bandia. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Enchilada ya jibini ya manjano ni chakula halisi cha watu halisi wa Texas, waliopika kwa vitu walivyovipata dukani baada ya mpaka kuwavuka. Anayeiita bandia anawanyang'anya mara ya pili. Swali la kama chakula ni halisi hutufanya tutazame sahani peke yake. Naona swali lenye faida zaidi kwa mwanahistoria ni hili: aliyekipika alikuwa nani, alilipwa nini, na je, aliruhusiwa kukaa kwenye meza iliyoletewa chakula hicho?

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba utengano wa mpishi na sahani yake ulikwenda kwa hatua: unga wa pilipili katika miaka ya 1890, sahani ya mchanganyiko baada ya 1900, kanuni za viwanja vya San Antonio katika miaka ya 1930, jiko lisilohitaji mpishi mwaka 1962, na ununuzi wa El Torito na Taco Bell na kampuni kubwa mwaka 1976 na 1978. Katika kila hatua chakula kilipata wateja wapya. Waliokipika mwanzo walipata kidogo, na haki zao za kukaa, kuogelea na kuhudumiwa walizipata mahakamani na kwa migomo. Upendo wa wateja kwa enchilada haukuwapa haki hizo.

Kwetu Kampala kuna rolex, chapati iliyoviringiwa mayai na nyanya, ambayo umaarufu wake umekua mikononi mwa vijana wa Busoga na wa Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere. Chapati ilikuja na Wahindi, na nyanya ilitoka mabara ya Amerika, lakini rolex ni yetu. Sasa inauzwa pia hotelini, kwenye sahani ya kauri. Januari 2022 wachuuzi wa barabarani waliamriwa kuondoka katikati ya Kampala, na sababu zilizotolewa zilikuwa usafi na mpangilio wa mji. Sisemi kwamba yaliyotokea San Antonio lazima yatokee Kampala. Nasema tu kwamba majina ya malkia wa pilipili hayakuandikwa na watu waliokula kwao kila usiku, na leo mtafiti hana la kufanya isipokuwa kusoma maelezo ya macho na maua. Wakaangaji wa kwanza wa rolex wengi wao bado wako hai. Napendekeza kwamba idara zetu za historia na za Kiswahili ziwatume wanafunzi wakawahoji, wakaandike walianza mwaka gani, walijifunza kwa nani, waliuza kwa bei gani, na kila mmoja aliitwa nani.